Simu ya Mwalimu Haihitaji Kusubiri Madawati

Ukitaja vifaa vya kidijitali darasani mbele ya wazazi wa Lubumbashi, jibu linakuja kabla hujamaliza sentensi: kwanza madawati. Kwanza mabati yasiyovuja, kwanza vyoo, kwanza mshahara wa mwalimu, kwanza umeme wa shirika la SNEL usiokatika. Hayo yakishatimia ndipo tuongee habari za kompyuta. Nimelisikia jibu hili kwa direkta wa shule ya msingi Katuba, kwa prefe wa sekondari Kampemba, kwa wakaguzi, kwa kina mama wa kamati ya wazazi, na kwa wasomi wa chuo kikuu ambao wao wenyewe huwatumia wanafunzi wao masomo kwa WhatsApp. Ni jibu la watu wenye huruma, na ndiyo maana linapita bila kupingwa. Mimi nalipinga. Kila mwaka tunaolirudia tunawanyima watoto kitu ambacho tungeweza kuwapa leo, kwa fedha kidogo kuliko bei ya madawati yenyewe.

Twende darasani. Ni la sita msingi, Katuba, zamu ya mchana, watoto wanapita sabini. Wengi wao wamo humo kwa sababu Septemba 2019 serikali iliamua hatimaye kutekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, inayosema shule ya msingi ya umma ni bure. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na nitautetea popote. Somo la leo ni moyo na mzunguko wa damu. Mwalimu ana kitabu kimoja, mali yake mwenyewe, kurasa zimeshonwa kwa uzi. Anaugeukia ubao na kuanza kunakili, na watoto wananakili kutoka ubaoni hadi kwenye daftari. Robo saa inapita, kisha nusu saa. Aliyekaa nyuma anamuuliza jirani yake neno hili ni lipi, jirani hajui, naye anaandika anachokiona. Moyo umechorwa vizuri, mwalimu ana mkono mzuri, lakini damu safi na damu chafu zote ni nyeupe kwa sababu chaki ya rangi imekwisha. Kengele inalia. Hakuna mtoto aliyeuliza swali, maana hakukuwa na muda wa swali. Muda wote umeliwa na kunakili.

Sasa waletee watoto hawa madawati mapya. Wataketi vizuri, na migongo yao itashukuru. Kisha watanakili. Kinachokosekana katika chumba kile ni maandishi ya kusoma na picha ya kutazama, na dawati halina hata kimoja kati ya hivyo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba katika kila watoto mia wa umri wa miaka kumi nchini mwetu, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Mtoto hawezi kujua kusoma kama kitu pekee anachosoma ni mwandiko wake mwenyewe, alioukosea wakati ananakili.

Nitaambiwa: basi nunueni vitabu. Naam, vinunuliwe, na simjui mtu anayepinga. Lakini wazee wa mji huu wanajua safari ya kitabu cha shule kutoka Kinshasa. Vikifika ni vichache, vinaishia madarasa ya chini, na vingine huonekana sokoni vikiuzwa huku vimepigwa muhuri wa kukataza kuuzwa. Je, nani aliamuru kwamba maandishi lazima yaje kwa lori?

Kadi ya kumbukumbu ya simu yenye gigabaiti 64, inayouzwa na vijana katikati ya mji pamoja na chaja na vioo vya simu, inabeba Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha zake. Programu inayoifungua inaitwa Kiwix, imekuwepo tangu 2007, ni ya bure, na ikishapakuliwa haihitaji mega hata moja. Ndani ya Kiwix hiyohiyo kuna Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka minane hadi kumi na tatu, rika lilelile la darasa letu la moyo na damu. Kuna Wikipedia ya Kiswahili. Nje ya hapo kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, wenye hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzigawa na hata kuzibadilisha zifanane na maneno ya hapa kwetu. Hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria zetu zinataka mtoto aanze shule kwa lugha ya taifa, na kwetu Haut-Katanga lugha hiyo ni Kiswahili. Zunguka uone ni shule ngapi za msingi zenye vitabu kumi vya hadithi za Kiswahili. Mwalimu wa darasa la kwanza anaambiwa afundishe kusoma kwa lugha ambayo hajawahi kupewa kitabu chake.

Kosa la wale wanaosema "kwanza madawati" ni kwamba wakisikia kidijitali wanaona ukumbi wenye kompyuta thelathini, kiyoyozi, na waya za intaneti. Mimi naongelea simu ya android mikononi mwa mwalimu. Na mwalimu huyo kwa sehemu kubwa tayari anayo. Matangazo ya ofisi ya elimu, sous-division, anayapata kwa WhatsApp. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa watumishi wake kwa njia ya benki, wapo walimu wa mbali waliolipwa kupitia kampuni za simu. Matokeo ya Mtihani wa Taifa wa sekondari yanafika kwa ujumbe wa simu, na jioni hiyo vijana waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani mitaa yote kuanzia Kamalondo hadi Ruashi. Nchi nzima imekubali kwamba simu inafaa kumwambia mtoto kuwa amefaulu. Kutumia simu ileile kumsaidia afaulu ndiko tunakosema tusubiri.

Na simu moja itawafaa vipi watoto sabini? Ni swali la haki, na wanaoliuliza wana sababu. Sehemu kubwa ya faida inapatikana kabla darasa halijaanza: jioni, nyumbani, mwalimu anaposoma maelezo matatu ya mzunguko wa damu badala ya moja, akatazama picha inayotembea, akaandaa maswali. Mwalimu aliyefundishwa miaka ishirini iliyopita, ambaye hajapata kitabu kipya tangu atoke chuoni, anajua zaidi asubuhi inayofuata. Hata simu ikibaki mfukoni, watoto sabini wamefaidi. Sehemu ya pili ni darasani, na hapo nitasimulia nilichokiona badala ya kubishana.

Katika sekondari moja ya Ruashi, darasa la nane, mwalimu wa fizikia aliwagawa wanafunzi kwenye makundi kuzunguka simu nne: yake, ya mwenzake, na mbili za wazazi waliokubali kuziazima. Ndani yake alikuwa ameweka majaribio ya PhET, yale ya Chuo Kikuu cha Colorado, yanayofanya kazi bila mtandao. Somo lilikuwa mkondo wa umeme. Msichana mmoja akaunganisha betri, waya na balbu kwa kidole. Balbu ikawaka. Akaongeza betri ya pili, mwanga ukazidi. Mwenzake akaunganisha balbu nyingine katika mstari uleule, na zote mbili zikafifia. Kimya kidogo, kisha mvulana wa nyuma akauliza: mwalimu, ndiyo sababu nyumbani taa zinafifia saa moja jioni, kila mtu akiwasha jiko? Darasa zima likaanza kuongea kwa pamoja. Mwalimu hakuwa na jibu kamili palepale, akasema watalichimba kesho, na kesho yake walilichimba. Mji huu umejengwa juu ya shaba, waya za dunia zinatengenezwa kwa shaba, na watoto wake walikuwa wakikariri sheria ya Ohm bila kuwahi kuunganisha waya hata siku moja.

Mageuzi ya hesabu na sayansi yaliyoanza kuingia madarasani 2018 yameiweka teknolojia ya habari na mawasiliano ndani ya programu ya darasa la saba na la nane, pamoja na fizikia. Ni somo, lina maksi. Basi walimu wetu wanafanya wanachoweza: wanachora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi kwa herufi, na watoto wanainakili kwenye daftari. Wanajibu kwenye mtihani kipanya ni nini. Mlangoni, msimamizi wa nidhamu ananyang'anya simu. Serikali inadai mtoto ajue kifaa, na shule inamwadhibu kwa kukishika. Anayetaka tusubiri madawati anipe namna ya kutoka kwenye mkanganyiko huu, kwa sababu maksi hazisubiri.

Umeme, wanasema. Laini kubwa ya kutoka Inga hadi Kolwezi ilikamilika 1982, kilomita kama 1,700, kwa ajili ya migodi. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, takriban mtu mmoja tu kati ya watano nchini anapata umeme, na hapa mjini mitaa mizima inalala gizani kwa zamu huku viwanda vikiendelea kuunguruma. Aliyekuwa mtoto wa shule laini ile ilipowashwa leo ana wajukuu. Kama masharti ya kutumia chombo cha kidijitali ni SNEL kuwa imara, basi tunapanga foleni na hao wajukuu. Lakini simu haina haja ya SNEL imara. Inachajiwa kwa paneli ndogo ya jua, inachajiwa kwenye kibanda kwa faranga chache, na inakaa na moto siku nzima. Jiko, friji na pampu ya maji vinahitaji umeme wa kweli, simu inahitaji tone. Kati ya vitu vyote vya kisasa, hiki ndicho kinachovumilia hali yetu vizuri zaidi, na ndicho tulichoamua kukiahirisha.

Kuhusu intaneti, tangu Starlink iruhusiwe nchini Mei 2025 kumezuka kungoja kwa aina mpya. Sasa tunaambiwa tusubiri antena. Kama Kinshasa au mgodi fulani utazigawa kwa shule, vizuri, zipokelewe. Ila tukumbuke kwamba Vodacom ilileta Instant Schools mwaka 2017, kisha ikaleta VodaEduc, na bado ukipita Katuba ukauliza walimu kumi utaona jinsi ilivyo vigumu kumpata anayeitumia darasani. Mtandao ulikuwepo. Hakukuwa na mtu aliyekaa na mwalimu akamwonyesha somo la Jumanne liko wapi ndani yake.

Hapo ndipo hoja nzito ya wapinzani wangu inapoingia, nami siikwepi. Wanasema: mbona Kenya ilijaribu? Kweli. Serikali ya Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaanza kugawa tableti 2016, zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi nchi nzima. Nyingi zilifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, au zikafa betri bila kufunguliwa. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliochapishwa 2012 baada ya kufuatilia shule 319, haukuona maendeleo yoyote katika hesabu wala kusoma. Nakubali yote hayo. Lakini tazameni nani alipewa kifaa. Ni mtoto. Mwalimu hakuwekwa katikati ya mpango, kana kwamba tatizo la darasa ni yeye na mashine imekuja kumzunguka.

Kenya hiyohiyo ina somo la pili ambalo halitajwi sana. Kisumu, mwaka 2013, watafiti walilinganisha njia tatu: tableti kwa wakufunzi wanaozunguka shuleni, tableti kwa walimu, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Njia ya kumpa kila mtoto kifaa, iliyo ghali zaidi, haikuishinda ile ya bei ndogo. Mradi wa Tusome ulipoanza 2015 nchi nzima, ulichukua funzo hilo: vitabu vya karatasi kwa watoto, mwongozo wa somo kwa mwalimu, na tableti kwa ofisa anayemtembelea mwalimu na kuwasikiliza watoto wanavyosoma. Usomaji ukapanda. Kwa hiyo nikitaka simu iende kwa mwalimu na si kwa mtoto, nafuata njia ambayo majirani zetu wameilipia ada tayari.

Wengine wanakimbilia Ulaya. Hata Wasweden wanarudi kwenye vitabu, wanasema. Wanarudi, ndiyo. Mwaka 2023 serikali yao ilitenga zaidi ya kronor milioni 600 ili shule zinunue vitabu, baada ya kuona skrini zimezidi. Mwenye kuiga Sweden aanze basi na hizo kronor. Hoja yao ni kwamba kila mtoto awe na maandishi mazuri mbele yake, na hiyo ndiyo hoja yangu. Wao wanatoka kwenye skrini kwenda kwenye rafu iliyojaa. Mtoto wa Katuba akiondolewa skrini anabaki na ubao.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu kuliko zote, ya mzazi anayesema simu itamwonyesha mwanangu mambo machafu, itamfundisha kuiba mtihani. Wizi wa mitihani kwa simu upo, na simu zitolewe kabisa kwenye vyumba vya mtihani, bila mjadala. Lakini mama yangu, mwanao tayari anaiona simu. Anaiona kwa kaka yake, kwa rafiki, kwenye kibanda cha kuchaji, usiku, bila mtu mzima kando. Mwanafunzi wa sekondari anaiuliza akili mnemba imwandikie insha, anainakili kwa mkono kwenye daftari, na mwalimu asiyewahi kuigusa hawezi kujua. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mtu mzima aliyesomea kazi yake angeweza kukaa naye, akamwambia: hili ni kweli, hili ni uongo, hapa wamekudanganya, hebu tuhakiki. Tukiifukuza simu shuleni tunamwachia barabara kazi hiyo. Na kadi ya kumbukumbu ninayoitetea, ya mwalimu, isiyo na mtandao, haina uchafu wa aina yoyote ndani yake.

Kinachoniudhi zaidi katika "kwanza madawati" ni kwamba si wote wanaosubiri. Shule za kulipia za katikati ya mji, zile ambazo ada zake, minervale, zinahesabiwa kwa dola, hazikusubiri. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid, watoto wa huko waliendelea kupokea masomo kwa simu za wazazi wao. Wa kwetu walikuwa na redio tu, na nashukuru kwamba Radio Okapi iliweka Okapi École hewani. Madarasa ya mwisho yalirudi Agosti, wengine Oktoba. Ni zaidi ya nusu mwaka. Kwa hiyo neno "tusubiri" lina anwani: linapelekwa Katuba, komini yetu ya Kenya, Ruashi, Annexe. Anayelisema kwa kuwahurumia maskini anawawekea maskini foleni peke yao.

Fedha? Haut-Katanga na Lualaba ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na kobalti hiyo imo kwenye betri za simu tunazosema ni anasa kwa shule zetu. Sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha waziwazi: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 miji, komini, sekta na maeneo ya machifu palipo na mgodi, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mwisho wa mwaka huohuo kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati na mrabaha wake kupandishwa hadi asilimia 10. Mfuko wa vizazi vijavyo! Vizazi hivyo viko darasani, vinanakili kibodi. Na serikali ilipotaka, ilijua kuhesabu simu moja moja: kodi ya simu iliyoitwa RAM, iliyoanza Septemba 2020 na kufutwa 2022 baada ya watu kuchoka kulalamika, ilikata hadi dola 7 kutoka kwenye salio la mwenye simu ya 3G au 4G, mwalimu akiwemo. Mashine ya kuchukua ilifanya kazi tangu siku ya kwanza.

Ninachokidai kwa mwaka ujao wa masomo si kikubwa. Komini zinazopokea mrabaha zinunulie kila shule ya umma simu imara kwa kila walimu wawili, paneli ya jua, na kadi zilizokwisha kujazwa, na mkaguzi anayezijua apite kila mwezi akae nyuma ya darasa. Mzazi asitozwe faranga, kwa sababu tumeahidi shule ya bure. Mwalimu asiambiwe atumie mega zake, kwa sababu mshahara wake hautoshi hata kabla ya mega. Simu iandikwe kuwa mali ya shule, lakini jioni iende nyumbani na mwalimu, kwa kuwa ndiko somo la kesho linakoandaliwa. Nimeshawasikia madirekta wakisema itaibwa, itavunjika, wao watawajibishwa, afadhali ikae ofisini chini ya kufuli. Basi barua ya komini iseme wazi, kwa sahihi ya bwanamkubwa, kwamba direkta hataadhibiwa kwa simu iliyovunjika kazini, na kwamba swali la mkaguzi litakuwa juu ya ile iliyokutwa mwisho wa mwaka bado mpya ndani ya kabati.